Nimefungua buti, nimekuta chupa

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, naishi Ipagala hapa Dodoma. Mwezi wa nne nilinunua gari jipya Dar es Salaam, la kwanza maishani mwangu ambalo halijatumika Japani kabla yangu. Wiki iliyopita nilikuwa naenda Iringa kwa wakwe. Nimepita Chipogolo, sijafika Mtera, nikapishana na basi. Nikashuka kidogo pembeni ya lami, tairi la nyuma kushoto likachanika. Kufungua buti na kuinua kapeti, hakuna spea! Kuna chupa ya dawa nyeupe nzito na kipampu cha kuchomeka kwenye tundu la sigara. Nikafuata maelekezo, dawa yote ikatokea ubavuni ikamwagika mchangani. Tumekaa pale na mwanangu tangu saa nane mchana hadi magharibi, ndipo dereva wa lori la samaki akatuchukua. Muuzaji anasema magari mapya ndivyo yalivyo siku hizi. Ananidanganya? Na sasa nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole sana. Poleni wote wawili.

Muuzaji hajakudanganya. Kosa lake ni kwamba hayo alitakiwa akwambie kabla hujatoa hela, siyo baada ya kukwama karibu na Mtera. Magari mengi mapya yanatoka kiwandani bila spea. Gurudumu, jeki na spana vikiwekwa pamoja vinafika kama kilo 20, na watengenezaji wanabanwa na sheria za moshi huko Ulaya, kwa hiyo kila kilo wanayoipunguza ina faida kwao. Kwenye magari ya haibridi, nafasi ya spea mara nyingi imechukuliwa na betri. Halafu kuna hela wanayookoa, ingawa hiyo hutaiona kwenye kipeperushi.

Ajabu ni kwamba tumerudi tulikotoka. Magari ya mwanzo kabisa hayakuwa na spea; ukipata pancha unakaa chini unaziba. Mwaka 1904 ndipo Thomas Morris Davies, wa mji wa Llanelli kule Wales, alipobuni rimu yenye tairi lililojaa upepo, unaibana juu ya gurudumu lililokufa na safari inaendelea. Karakana ilikuwa mtaa wa Stepney, na Wahindi mpaka leo spea wanaiita stepney. Mimi nilipoanza udereva mwaka 1984, Land Rover yetu ilibeba spea moja juu ya boneti na nyingine nyuma, pamoja na tyubu, viraka, solusheni na pampu ya mguu. Kutoka Dodoma hadi Singida kwa barabara ya vumbi, kuna siku zote mbili zilitumika kabla ya Manyoni.

Sasa hiyo chupa. Siyo uongo, ina kazi yake, ila kazi yenyewe ni ndogo. Imetengenezwa kwa ajili ya tundu la msumari kwenye kashata, pale tairi linapokanyaga chini. Mwiba wa mgunga inauziba vizuri. Msumari usiuchomoe, unaingiza dawa, unajaza upepo, unaendesha taratibu kilomita chache ili dawa isambae, unasimama kupima tena. Ukiona upepo umekaa, nenda moja kwa moja kwa fundi pancha, usizidi mwendo wa 80. Na mwambie kuna dawa ndani kabla hajafungua tairi, la sivyo itamrukia usoni na hatakuzibia tena. Chupa ina tarehe ya kuisha, itazame leo hii. Lakini ubavu ukichanika, kama ulivyochanika wako kwenye ukingo wa lami, hata ungekuwa na chupa kumi ungemwagilia mchanga tu.

Kuna watakaokushauri ununue yale matairi ya ubavu mgumu yanayotembea bila upepo. Kwa kawaida yanakupa kilomita 80 hivi kwa mwendo wa 80. Dodoma hadi Iringa ni kilomita zipatazo 260, na Mtera iko karibu na katikati. Piga hesabu mwenyewe, wewe ni mwalimu.

Ushauri wangu: nunua spea kamili, saizi ileile. Zile nyembamba za muda zinakufaa ukiwa mtu wa Area C na Nkuhungu tu. Zinataka upepo wa 60, na nazo mwisho mwendo wa 80. Inua kapeti uangalie kama chini pana shimo la duara. Kama lipo, gari lako liliandaliwa kubeba spea, pima kina chake. Kama shimo halipo, gurudumu litakaa ndani ya buti, lakini lifunge kwa mkanda imara. Gurudumu lililoachwa huru, siku ukifunga breki ghafla litamfuata mtoto kwenye siti.

Rimu ya mtumba inatosha. Usiridhike na kuhesabu matundu ya nati, kwani magari mawili yanaweza kuwa na nati tano tano na umbali wa matundu usilingane. Gurudumu lifungwe kwenye gari palepale dukani, mbele na nyuma, lizungushwe kwa mkono usikie kama linagusa breki. Nati za rimu ya alumini mara nyingine hazikai sawasawa kwenye rimu ya chuma, uliza hilo pia. Kisha nunua jeki na spana, maana gari lililokuja bila spea mara nyingi halina hata vifaa hivyo. Na siku moja ukiwa nyumbani, mchana, badili tairi wewe mwenyewe.

SWALI: Mbukwa mzee. Mimi wa Manyoni, nacheka wanaonunua magari yasiyo na spea. Yangu ipo chini ya gari tangu 2011, haijawahi kugusa ardhi. Bado nzima, siyo?

JIBU: Mbukwa. Cheka polepole. Tafuta herufi DOT ubavuni mwa tairi, usome namba nne za mwisho. Ukikuta 2311, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Likishafika miaka kumi litoe, hata kama kashata zote zimo, kwa sababu mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Ila jaribu kwanza kulishusha. Nahisi ule mnyororo unaolishikilia chini ya gari umeshika kutu. Ukikataa usiupige nyundo, utie mafuta uuache hadi kesho.