Barua kwa mwanangu: kazi ya shangazi yako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma jana jioni, nikaurudia leo asubuhi. Unasema fundi wa marumaru anataka maneno ya kuchora kwenye kaburi la shangazi yako, na chini ya jina amebakiza nafasi ya mstari mmoja tu. Unauliza tuandike alikuwa nani. Karani? Mwalimu? Au mfanyabiashara, kama walivyosoma siku ya mazishi?

Ule wasifu bado unaniuma. "Alijishughulisha na biashara ndogondogo," msomaji akasema, akageuza karatasi, akaingia kwenye ratiba. Maisha ya dada yangu yakaisha hivyo, mbele ya watu aliowavalisha na kuwasomesha. Nilitaka kusimama. Mama yako alinishika mkono.

Ninachoamini umekisikia kwangu tangu mdogo, na nakirudia: shangazi yako hakuacha kazi, kazi ndizo zilizomwacha. Alianza akiwa msichana, akichambua kahawa kiwandani Moshi mjini, amekaa na wanawake wenzake, wakitoa punje mbovu kwa vidole. Kutoka pale akapata ukarani kwenye chama cha msingi huku kwetu Marangu, kwenye mizani. Babu yenu alifurahi kuliko siku aliyopata ng'ombe wa maziwa, maana kwa watu wa rika lake KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, cha tangu 1933, kilikuwa ni mali yao wenyewe. Kisha mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwemo, na mambo ya kahawa yakapangwa upya. Shangazi yako akarudi nyumbani na kalamu yake. Hapo niambie, nani alimwacha mwenzake?

Miaka ile ya ukarani ndiyo alifundisha kisomo cha watu wazima pia. Mchana anapima kahawa ya wazee na kuwaandikia stakabadhi, jioni anawasha taa ya chemli darasani na kuwafundisha wazee walewale kusoma kilo alizowaandikia. Mwanangu, fikiria hilo vizuri. Wapo makarani waliopenda sana mkulima asijue kusoma. Yeye aliwapa wateja wake macho ya kumkagua, na mzee jirani yetu wa chini alipoweza kusoma stakabadhi yake mwenyewe, alikuja nyumbani na mbege, pombe yetu ya ndizi, kumshukuru babu yenu kwa kuzaa binti wa namna ile.

Sasa hadithi ya sabuni unaijua nusu, ile nusu ya kucheka. Nikupe yote.

Mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika. Hapo ndipo shangazi yako alipoanza safari za Taveta, upande wa Kenya, kwa njia za miguu, usiku, na wanawake wa Himo. Madukani hakukuwa na kitu. Watu wakifulia majani ya mpapai. Yeye alileta sabuni, na sabuni hizo ndizo zilizonilipia ada, maana mwaka 1983 nilikuwa kidato cha kwanza kwenye shule ya kulipia. Ni mwaka huohuo ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, Sokoine akiwa waziri mkuu. Watu waliogopa mpaka wakatupa mali porini na mitoni. Shangazi yako alikuwa na katoni za sabuni chini ya kitanda cha bibi yenu. Usiku akazibeba, akazifukia kwenye mfongo mkavu, ule mfereji wetu wa maji ya mashamba, nyuma ya ua wa masale, akaweka majani ya migomba juu.

Mvua zilikuwa zimechelewa, kwa hiyo maji ya mfongo bado yalikuwa ya zamu. Alichosahau ni kwamba zamu ya alfajiri ile ilikuwa ya majirani wa chini. Wakafungulia maji.

Ah, mwanangu! Kulipokucha povu lilikuwa limejaa mfongo mzima, jeupe, linanukia, linateremka vihambani, kwenye migomba na kahawa za watu, mpaka kwa watu wa chini kabisa. Wanawake wakatoa nguo, wakafua. Hakuna aliyeuliza. Mgambo walipita saa nne na hakuna mtu hata mmoja, mkubwa kwa mtoto, aliyefungua mdomo. Kitongoji kizima kilinukia sabuni ya Kenya na kitongoji kizima kikanyamaza kwa ajili yake. Hiyo ni furaha ninayolala nayo hadi leo.

Lakini mtaji ulikwisha asubuhi ile. Akaenda shuleni kwangu kuomba muda wa ada, na msimu wa kahawa ulipofika akarudi kiwandani Moshi kuchambua. Mwanamke aliyekuwa karani, ana miaka thelathini na sita, akakaa tena pamoja na wasichana wa kuanza kazi. Jumamosi alikuja kuniona shuleni na vidole vyake vimechubuka, akaniuliza habari za hesabu. Juu ya Sokoine hakusema neno baya, na alipofariki kwa ajali Aprili 1984 shangazi yako alilia siku nzima. Nilimuuliza anamlilia vipi mtu aliyemmalizia sabuni zake. Akanijibu yule hakuwa mwizi, basi.

Nimesema kazi ndizo zilizomwacha. Lakini pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, sijui nisemeje. Enzi za Mwinyi mitumba ilipoingia, alipata meza, akafungua marobota, biashara ikakubali. Hakuna aliyemfukuza pale. Aliiacha mwenyewe ikiwa imenoga, akamkabidhi meza binti aliyekuwa anamsaidia, akabaki na makoti mazito tu, awakodishie vijana wapagazi pale Marangu. Alikuwa amewaona wakipanda Mlima Kilimanjaro kwenda vituo vya Horombo na Kibo na sweta moja, mizigo ya wageni kichwani. Aliwakodishia kwa bei ya chini, na wengine hawakulipa. Kaka zangu walimwona amechanganyikiwa. Hapo siwezi kusema kazi ilimwacha. Au labda tuseme macho yake yalifika mbele kabla ya miguu, sijui. Bado nasema miaka ile ya mwanzo kazi ndizo zilizomwacha, na hilo silibadilishi.

Kwa hiyo mstari mmoja. Wewe ndiye uliyemwogesha mwezi wa mwisho, na mimi nilishawaambia ndugu kwamba maneno ya kaburi utayachagua wewe. Sitaki kukuharibia. Ningekuwa mimi ningeandika… hapana, naacha. Ila "mfanyabiashara" peke yake usiandike, hilo nakuomba kama baba yako. Na kama utaandika mwalimu, usimsikilize atakayesema hakuwa na cheti; wazee waliosoma stakabadhi zao hawakumdai cheti.

Mpigie dada yako kabla ya kumjibu fundi. Likizo zake zote alikaa na shangazi pale Memorial, anakunja nguo. Akisema tuandike makoti, nitabisha kidogo, halafu nitakubali.

Baba yako