Kumlilia Mungu si kukosa imani

Dada, umeuliza kama kumwuliza Mungu "kwa nini?" baada ya kufutwa kazi na mtoto kulazwa ni kukosa imani. Hapana kabisa! Zaburi 13 inauliza "hata lini" mara nne, na Zaburi 88 inaishia gizani. Zote ni sala. Mtume Paulo naye aliomba mara tatu "mwiba" wake, yaani taabu iliyomtesa, umtoke. Haukutoka, akapewa neema ya kumtosha.

Jirani yangu hapa Kayole, Nairobi, huomba alfajiri akifunga mafungu ya mboga za sukuma wiki, machozi yakimtiririka, kisha anajitwika gunia na kwenda sokoni. Kwangu hiyo ni imani hasa.

Na kodi ya nyumba ikikubana, mwambie mzee wa kanisa waziwazi. Wagalatia 6:2 inatuagiza tuchukuliane mizigo, kwa hiyo usione haya.