Keloidi za masikio: kabla hamjakubali kisu

Dada uliyeuliza kuhusu binti yako wa miaka 16, aliyeota vinundu nyuma ya masikio baada ya kutogwa na sasa mwaambiwa vikatwe: mimi nina keloidi, yaani makovu yanayoota na kuvimba kupita jeraha lenyewe, kifuani na begani, na nimetibiwa papa hapa Mombasa bila kukatwa. Msikubali kukata peke yake. Keloidi ikikatwa tu, bila tiba ya kuifuatia, mara nyingi hurudi, na ikirudi huenda ikawa kubwa kuliko ya kwanza.

Hakikisheni kwanza kama ni keloidi kweli. Kovu lililoinuka likabaki palepale penye jeraha ni jambo jingine, hilo laweza kunywea lenyewe taratibu. Keloidi huvuka mpaka: tundu lilikuwa la sindano, nundu imekuwa kama punje ya ubuyu, na inawasha usiku kucha. Si kansa, haiambukizi, wala hakuna aliyemtupia jicho. Ulizeni kwenu na kwa babake, maana hufuata damu, na sisi watu weusi hutupata zaidi.

Kilichonisaidia mimi ni sindano. Dawa yenyewe ni triamsinoloni, aina ya steroidi, na hudungwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki 4 hadi 6. Inauma, sitakudanganya. Za mwanzo ndizo mbaya, kwa sababu kovu bado ni gumu na dawa inaingia kwa shida. Likishalainika, maumivu hupungua. Kwangu kuwasha ndiko kulikotangulia kuondoka, nikaanza kulala. Kovu lenyewe kulala bapa kulichukua miezi mingi, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa wakaacha katikati. Mwambieni binti mapema kwamba ngozi yaweza kupauka au kubonyea pale panapodungwa, na hedhi yaweza kuvurugika kwa muda. Rangi mara nyingi hurudi polepole. Yangu ya kifuani haijarudi yote, lakini kati ya doa na ule mwasho, nachagua doa.

Kuna madaktari wanaogandisha nundu kwanza kwa naitrojeni oevu, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha ndipo wadunge. Kwa keloidi ndogo inafaa, ila kwenye ngozi nyeusi huacha baka jeupe. Mimi niliikataa.

Silikoni, ya bandiko au ya jeli, haina maumivu, lakini yataka subira: saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi, na jeraha liwe limeshafunga. Wanaoandika maagizo hayo kwenye maboksi hawajakaa mtaa wa Majengo wakati wa kaskazi. Jasho likishuka, bandiko linateleza na vipele vya joto vinatoka chini yake. Nilikuwa navaa usiku chini ya feni, asubuhi naliosha kwa sabuni isiyo na manukato na kuikausha ngozi vizuri. Kwa sikio, bandiko halikai. Waulizeni madaktari kuhusu herini za kubana, zile zinazoigandamiza ndewe pande zote mbili. Nazo huvaliwa saa nyingi kwa miezi. Zisibane mpaka ngozi ikachubuka.

Sasa, dawa za nyumbani. Mama mkubwa alinishikia habasoda na kitunguu. Mafuta hulainisha ngozi na hayana ubaya, ila nundu haishuki. Limau linachoma. Na msiguse kabisa mambo ya kuifunga uzi ili ikatike, kuichoma, au vile vikopo vya malhamu visivyo na jina vinavyouzwa sokoni, kwa sababu kila kidonda kipya kwa mtu wa keloidi ni mlango wa keloidi nyingine.

Nendeni kwa daktari wa ngozi. Kama mfuko hauruhusu kliniki za binafsi, ulizieni siku ya kliniki ya ngozi pale hospitali ya Coast General, Makadara. Iwapo vinundu vimeshakuwa vikubwa vya kuning'inia, huenda sindano peke yake zisitoshe na daktari akashauri kukata. Hapo muulizeni swali moja tu: baada ya kukata, atamdunga lini na herini za kubana zitapatikana wapi? Asiye na jibu, mshukuruni na mwondoke.

Ulisema pia ana mdogo wake wa miaka 12 anayetaka kutogwa kabla ya harusi ya shangazi yake. Mzuieni. Waliotogwa kabla ya miaka 11 hupata keloidi kwa uchache kuliko waliotogwa baada ya hapo, na huyu ameshapita, tena dada yake anazo. Madukani kuna herini za kubana za urembo, zisizohitaji tundu. Mnunulieni hizo, na kishaufu cha pua nacho kiwe cha kubana.