Jibu: Waigizaji walipanda kweli zile nyuso za Mlima Rushmore?

Hapana ndugu yangu, ule mkimbizano juu ya nyuso za marais wa Marekani zilizochongwa mlimani, katika filamu ya "North by Northwest" (1959), haukupigwa picha mlimani kwenyewe. Idara ya hifadhi za taifa ya Marekani haikutaka fujo juu ya kumbukumbu ile, kwa hiyo mwongozaji, Alfred Hitchcock, akajengewa nyuso za bandia studio. Na bado wakubwa wa idara waliudhika!

Kwetu Malindi tatizo la kupiga picha kwenye kumbukumbu ni jingine. Runinga zikija Mnara wa Vasco da Gama, mara nyingi ni msalaba, bahari, basi. Sultani aliyempokea baharia huyo Mreno mwaka 1498 na kumpatia rubani wa kumvusha hadi Calicut, India, anapita kwa sentensi moja, akibahatika. Mimi ningeanza naye, mnara ukaja baadaye.