Jua chumvi ya kisima chako kabla ya kununua membreni

Huku Nzega mtu akichimba kisima akakuta maji ya chumvi, haraka anaambiwa anunue mashine ya RO, inayosukuma maji kwa presha kubwa kupita kwenye membreni, yaani utando mwembamba unaozuia karibu chumvi zote. Mimi nafunga na kuhudumia mitambo ya maji mkoani Tabora, na ushauri huo naupinga mara nyingi.

Peleka maji maabara kwanza. Omba upimiwe kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, kloraidi, salfeti na floraidi, kila kimoja peke yake. Kipimo cha mfukoni cha TDS, yaani jumla ya vilivyoyeyuka kwenye maji, hujumlisha chumvi zote, hakikuambii ni ipi inayoziba bomba na kuinyima sabuni povu. Kama tatizo ni kalsiamu na magnesiamu, nanofiltresheni, yaani uchujaji kwa membreni iliyo legevu kuliko ya RO, inatosha. Inazizuia hizo, inaachia sehemu kubwa ya sodiamu na kloraidi, hivyo pampu inahitaji presha ndogo kuliko RO. Kwa anayenunua umeme wa luku, tofauti hiyo ataiona.

Ila TDS ikibaki juu baada ya kuchuja, usishtuke: ni sodiamu na kloraidi zilizoachiwa. Nimeona watu wakirudisha membreni isiyo na kasoro yoyote kwa sababu hiyo. Pima ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu.

Muuzaji akikuonyesha kwenye karatasi asilimia kubwa ya chumvi inayozuiwa, muulize: ya chumvi gani? Nyingi hupimwa kwa magnesiamu salfeti, miligramu 2,000 kwa lita, na huo ni mtihani mwepesi. Ngozi ya membreni hizi ni ya poliamidi, aina ya plastiki inayotokana na kemikali mbili, piperazini na trimesoili kloraidi, kukutana, na kwa kawaida ina chaji hasi. Inaisukuma salfeti nyuma, na magnesiamu inalazimika kubaki nayo ili chaji zilingane. Kwenye maji yenye kloraidi nyingi kinga hiyo hupungua, kalsiamu ikapenya zaidi. Ndiyo maana watafiti wanatengeneza membreni zenye chaji chanya, kwa mfano kwa kutumia kemikali iitwayo poliethilenimini. Vijana mnaosomea kazi hii, nawasihi mzijaribu kwa maji halisi ya visima vyetu, yenye chumvi zilizochanganyika.

Floraidi ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na nanofiltresheni yenye vitundu vikubwa huipitisha nyingi. Ikizidi sana, hapo RO ina haki yake.

Na kama unatia klorini kwenye tangi, weka chujio la mkaa maalumu kabla ya membreni, kwa sababu klorini huila poliamidi taratibu, na ikishaharibika hairudi.