Maswali ya Wasomaji: Istanbul kwa Miguu, Pamoja na Mama

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mwezi Mei, Mungu akipenda, mimi, mama yetu na mdogo wangu tutarejea nyumbani kutoka Ujerumani, tulikokwenda kumtembelea dada, na njiani tutakuwa na siku moja kamili mjini Istanbul, siku ya Jumatano. Nimeandika orodha: Hagia Sophia, Msikiti wa Bluu, Kasri la Topkapı, Soko Kuu, Msikiti wa Süleymaniye, Mnara wa Galata na safari ya chombo baharini. Mdogo wangu anasema vyote viko karibu na tutavimaliza kwa miguu. Mama ni mzima wa afya ila magoti humsumbua, na analolitaka kuliko yote ni kuswali katika mmojawapo wa misikiti ya zamani. Je, siku moja itatosha?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kwa upande wa umbali, mdogo wako hakukosea. Kutoka Hagia Sophia hadi Süleymaniye, na kutoka hapo hadi kwenye gati za Eminönü, ni kilomita tatu hivi, masafa ambayo mtu huyamaliza kati ya kifungua kinywa na chai ya saa nne. Lakini Istanbul haimchoshi mgeni kwa urefu wa njia. Humchosha kwa vilima, kwa foleni na kwa mawe yaliyotandikwa mitaani. Mji wa kale umekaa juu ya vilima saba, na nyinyi mtapita vitatu: cha kwanza kina Hagia Sophia na kasri, cha pili kina nguzo ya Konstantino, mfalme wa Warumi, iliyozinduliwa mwaka 330, na cha tatu kina Süleymaniye. Bahati nzuri ni kwamba barabara ya Divanyolu inapita juu kwa juu, hivyo aliyeanzia Sultanahmet, penye Hagia Sophia, hufika Beyazıt, karibu na Soko Kuu, bila kupanda sana, ilhali aliyeanzia ufukweni Eminönü, kama wafanyavyo wageni wengi, huianza siku yake kwa mlima. Anzeni juu, na bahari muiache iwe ya jioni.

Jumatano mmeichagua vizuri, kwa sababu Topkapı hufungwa Jumanne, Soko Kuu hufungwa Jumapili, na Ijumaa mchana watalii husubiri nje ya misikiti mpaka sala imalizike. Mkitoka Ujerumani rudisheni saa zenu kwenye majira ya nyumbani, kwani Uturuki hutumia majira yaleyale ya Afrika Mashariki mwaka mzima.

Fikeni uwanja wa Sultanahmet mapema, ikiwezekana saa mbili na nusu asubuhi. Hapo ndipo Warumi walipokuwa wakishindanisha magari ya farasi, na bado umesimama mnara wa jiwe moja uliotolewa Misri na kusimamishwa hapo mwaka 390, maandishi yake ya picha yakiwa makali kana kwamba yamechongwa juzi. Msikiti wa Sultan Ahmed, huo mnaouita wa Bluu, uko kando tu. Ulijengwa kuanzia mwaka 1609, una minara sita, na kuingia ni bure. Mama achukue kanga mbili mkobani, moja ya kujitanda na nyingine ya kutandika pale atakapotaka kupumzika.

Hagia Sophia, kanisa la kale ambalo leo ni msikiti, iliyokamilika mwaka 537, ina utaratibu ambao ni vema mkaujua kabla ya kupanga foleni. Tangu Januari 2024 mtalii hulipa euro 25 na huonyeshwa ghorofa ya juu, wakati ukumbi wa chini umeachiwa wanaokwenda kuswali, ambao wana mlango wao. Kuba lake, lenye upana wa mita 31 hivi na madirisha 40 chini yake, linastahili fedha hizo, lakini sioni sababu ya kumpandisha mama ghorofani. Vijana muingie kwa zamu, na mmoja abaki naye kwenye benchi bustanini.

Topkapı ndiyo inayovuruga hesabu. Kasri hilo lina nyua nne, na asiyelitengea nusu siku atatoka ameona mabomba ya maji na migongo ya watu. Lakini ndani yake kuna chumba cha masalio matukufu, likiwemo joho linalonasibishwa na Mtume, na huenda mama akaona hilo ni kubwa kuliko soko lolote. Muulizeni mkiwa bado Ujerumani, si mbele ya lango. Akilitaka kasri, basi Soko Kuu na Galata vifutwe kwenye orodha bila kunung'unika. Mimi ningeliacha kasri, kwa sababu ya Süleymaniye.

Tuseme mmeliacha. Kutoka Sultanahmet pandeni tramu hadi Beyazıt, vituo viwili tu, mkaingie Soko Kuu kwa muda wa saa moja. Lina mitaa zaidi ya 60 chini ya paa, na mwenye kutaka kuiona yote hataona kitu. Kaeni mahali pamoja, mnywe chai ya rangi katika gilasi ndogo yenye kiuno, na mumwache mama atazame watu. Kisha nendeni Süleymaniye kabla ya Adhuhuri, ambayo mwezi Mei huingia karibu saa saba na dakika kumi mchana. Msikiti huu ulijengwa na Sinan, msanifu majengo wa masultani, kati ya mwaka 1550 na 1557; ndani ni mweupe na mtulivu, una sehemu ya wanawake, na uani unatazama ghuba yote ya Pembe ya Dhahabu. Hapa ndipo mama aswali. Mbele ya msikiti kuna safu ya mikahawa inayosifika kwa maharage meupe na wali, chakula ambacho hatahitaji kufundishwa kukila.

Baada ya chakula njia zigawanyike. Kushuka huumiza magoti kuliko kupanda, na mitaa inayoteremka hadi Eminönü ina mawe yaliyolainishwa na miguu na wachukuzi wenye mizigo mgongoni wasioweza kusimama ghafla. Wewe shuka kwa miguu ukitaka. Mama na mdogo wako warudi Beyazıt wapande tramu, mkutane kwenye lango la Soko la Misri, soko la viungo la hapo Eminönü. Msinunue tiketi ya chombo cha watalii: feri ya kawaida ya kwenda Kadıköy au Üsküdar hutoka hapohapo kila mara, inalipiwa kwa kadi ileile ya tramu, na kwa nauli ndogo mtavuka kutoka Ulaya hadi Asia mama akiwa ameketi.

Mnara wa Galata, wa mwaka 1348, mtauona vizuri kutoka majini. Mdogo wako aking'ang'ania kuufikia, avuke daraja hadi Karaköy na kupanda treni fupi ya chini ya ardhi iitwayo Tünel, inayofanya kazi tangu 1875, imfikishe juu ya kilima bila kuupanda. Na darajani, mng'arisha viatu akipita mbele yenu na kuangusha brashi yake, msiiokote: atarudi na shukrani nyingi, ataanza kupiga rangi viatu vyenu "bure", kisha atadai malipo.