Bakteria hawamezi sumaku, wanaitengeneza

Dada wa Jinja umeuliza kama bakteria wenye sumaku humeza chembe zilizomo kwenye tope. Hapana, huzitengeneza wenyewe, na kwangu hili ni moja ya maajabu makubwa ya viumbe wadogo.

Utando wa ndani wa seli hubonyea na kuwa kifuko. Protini zilizopachikwa kwenye utando huo huingiza chuma kilichoyeyuka majini, chuma kile kile ambacho kikishika kutu huupa udongo wetu wa Uganda wekundu wake. Ndani ya kifuko hali ya kemikali hudhibitiwa kwa makini mpaka chuma kigande kuwa fuwele ya magnetaiti, madini ya sumaku yaliyoundwa kwa chuma na oksijeni. (Wengine hutumia salfa badala ya oksijeni, wakapata grigaiti, madini mengine ya sumaku.) Kifuko ndicho kalibu: fuwele nyingi huwa za nanomita 35 hadi 120 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Ukubwa huo una maana sana. Fuwele ikiwa ndogo mno, usumaku wake hautulii. Ikiwa kubwa mno, hugawanyika sehemu zinazopunguziana nguvu.

Kisha uzi wa protini huzipanga fuwele kama shanga, na mkufu mzima huwa sindano ya dira. Mwanasayansi Richard Blakemore aliwaeleza bakteria hawa mwaka 1975. Hata bakteria aliyekufa hugeuzwa na uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi. Aliye hai huufuata mstari wa uga wa sumaku wa dunia kupanda au kushuka, akitafuta tabaka lenye oksijeni kidogo anayoipenda.